Uchafu wa Milimani ni Maradhi ya Pwani

Mwezi huu tunaomba tuzungumzie bahari, ingawa wengi wetu tunaishi huku milimani na wapo kati yetu ambao hawajapata hata kukanyaga mchanga wa pwani. Mtauliza, wauguzi na bahari wapi na wapi? Mtuvumilie kidogo.

Mto Umba huanzia katika misitu ya Usambara, upande wa Lushoto. Hushuka hadi nyika ya Mkinga, huvuka mpaka, kisha huingia katika Bahari ya Hindi huko Vanga, nchini Kenya. Maana yake ni kwamba maji yanayopita kando ya bustani zetu za kabichi na nyanya humalizia safari yake kwa watu wasiohudhuria mikutano ya vijiji vyetu wala kumpigia kura diwani wetu. Mvuvi wa Vanga akikuta maji yamegeuka tope, hajui amshitaki nani.

Na maji hayo hubeba nini? Kwanza udongo. Matumbawe ni wanyama hai wanaohitaji mwanga, na tope likiwafunika hufa, na samaki wanaojificha humo huhama. Kadhalika mbolea ya chumvichumvi ikisombwa na mvua huotesha mwani mwingi unaoyasonga matumbawe hayo. Mikoko huzuia sehemu ya tope, lakini haiwezi kuzuia yote.

Pili ni dawa za kuua wadudu, na hapa sisi wauguzi tuna la kusema. Kila msimu wa nyanya tunapokea wodini watu wanaotokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Huyo amepuliza dawa bila kujikinga. Tukiuliza bomba lililotumika limeoshwa wapi, jibu ni lile lile: kijitoni. Na makopo matupu? Kijitoni. Chini kidogo ya hapo kuna mtoto anayechota maji ya kunywa.

Tatu ni kinyesi. Vimelea vya kipindupindu huweza kuishi muda mrefu katika maji ya mdomo wa mto, pale maji baridi yanapochanganyika na ya chumvi. Chaza na kome huchuja maji hayo ili wapate chakula, hivyo hukusanya vimelea mwilini mwao. Mama wa pwani anayewachemsha kwa haraka huwapelekea wanawe maradhi sahanini.

Hatusemi haya kwa kujitenga na lawama. Masika moja shimo la majitaka la hospitali yetu wenyewe lilifurika likamwagika bondeni, na ilituchukua siku kadhaa kulidhibiti. Tuliona aibu, maana asubuhi ile ile tulikuwa tumewafundisha kina mama juu ya kuchemsha maji.

Sasa, sheria ya nchi moja haitoshi kwa jambo la namna hii. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017. Tanzania ikafuata Juni 2019. Kwa karibu miaka miwili upande mmoja wa mpaka ulikuwa ukikataza na upande wa pili ukiuza, huku mkondo wa bahari wa pwani yetu ukielekea kaskazini mwaka mzima, kutoka kwetu kwenda kwao.

Mkataba upo. Nchi kumi za magharibi ya Bahari ya Hindi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, zimo katika Mkataba wa Nairobi. Ulitiwa saini mwaka 1985 lakini ukaanza kutumika mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa saini alikuwa amefikia umri wa darasa la tano. Mwaka 2010 ikapitishwa, huko huko Nairobi, itifaki mahususi juu ya uchafuzi wa bahari unaotoka nchi kavu. Sisi tunaiona kuwa kazi njema, ila mikataba hii imezoea kukaa katika mahoteli ya mijini. Maoni yetu ni kwamba kamati za maji za vijiji vya juu na wavuvi wa Vanga wakae pamoja japo mara moja kwa mwaka, na maji ya Umba yapimwe pande zote mbili kwa njia moja, majibu yasomwe hadharani.

Wapo watakaosema: sisi wenyewe dawa hazitutoshi, tutawahangaikia Wakenya? Ndugu zetu, kabla maji hayo hayajafika Vanga yamekwisha kunywewa na Watanzania wa bondeni. Na samaki wanaopandishwa kwa basi kutoka Tanga wametoka katika bahari hiyo hiyo.

Wala hatusemi bustani zing'olewe. Tunajua ada za shule zinatoka humo. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiguswe na shughuli zinazoharibu. Hizo ni hatua kama themanini za mtu mzima. Ukanda huo ukiachiwa majani ya Guatemala, unazuia udongo na ng'ombe anapata malisho. Bomba lioshewe shambani, maji yake yamwagwe humo humo.

Na mwenye choo kilicho ndani ya hatua hizo themanini amwone bwana afya wa kata kabla ya mvua za masika, ili aoneshwe mahali pa kuchimba kingine.