Jikoni: Kachumbari Kwanza, Kuku Baadaye

Wageni wako njiani. Unakatakata kuku, unasuuza kisu kwa maji kidogo, kisha kwa kisu kile kile na ubao ule ule unakata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kesho yake mtoto anaharisha, na anayelaumiwa ni kuku.

Lakini kuku alipikwa! Nyama mbichi huweza kuwa na vijidudu kama salmonela, na moto wa kutosha huviua. Kachumbari haipiti motoni. Vijidudu vilivyoingia humo huliwa vikiwa hai.

Basi fanya hivi:

1. Kata kachumbari kwanza, uifunike, ndipo umshike kuku.

2. Ukimaliza, osha ubao na kisu kwa sabuni na maji ya moto, uvikaushe. Nawa mikono kwa sabuni.

3. Kuku aliyeiva asirudi kwenye sinia alimowekwa akiwa mbichi.

4. Kitambaa kilichopangusa damu kisipanguse sahani.

Mweleze pia msichana anayekusaidia kazi, na umpe sababu. Asipoijua, siku usiyokuwapo atasuuza kisu kwa maji tu.