Miaka 50 ya Kuisoma Bahasha ya Kaki

Dirisha la masjala lilikuwa na nondo, na chini yake kitundu cha nusu duara cha kupitishia karatasi. Siku ya kwanza niliambiwa mtia sahihi yuko kikaoni. Siku ya pili yupo, ila mhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ameenda msibani. Siku ya tatu Mama wa masjala alinionea huruma. Aliikunja transkripti yangu, akaitumbukiza kwenye bahasha ya kaki, akapaka gundi, akaibana kwa kiganja kama anayekanda chapati. Kisha akapiga mhuri mara mbili pale mfuniko unapokutana na mgongo wa bahasha, nusu ya duara juu, nusu chini.

“Haya mwanangu,” akasema, “hii usiifungue. Ukiifungua imekufa.”

Bahasha ile ilikuwa inakwenda New York, kwa watu nisiowajua na ambao hawakuwahi kukanyaga chuo changu: World Education Services, au WES kama wanavyoiita wote waliowahi kuisubiri. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1974, kwa hiyo mwaka 2024 lilitimiza miaka 50. Meza hii ya uhariri imeona hiyo ni jubilei inayostahili ukurasa wetu, ijapokuwa mwenye sherehe yuko mbali na hajawahi kutuletea hata tangazo moja.

Ukiitaja kazi yenyewe kwa haraka haina mvuto wowote. Watu hukaa wakasoma vyeti vya watu wengine, wakahakikisha vimetoka kweli kwa aliyevitoa, kisha wakaandika ripoti: huyu alichosoma kwao, hapa kwetu kinalingana na hiki. Basi. Lakini Marekani haina wizara ambayo mgeni anaweza kuiendea na shahada yake akagongewa muhuri wa kukubaliwa. Kila chuo huamua chenyewe, kila mwajiri huamua mwenyewe, na kila jimbo lina bodi zake za taaluma. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilipowafungulia mlango watu wa Asia, Afrika na kwingineko, waliingia na vyeti ambavyo karani wa ajira wa New York hakujua avishike juu au chini. WES ilizaliwa katika pengo hilo, shirika lisilotafuta faida, na mwaka 1987 taasisi za kazi hiyo nchini Marekani zikaunda umoja wao, NACES, ambao WES ni mwanachama wake.

Ili uelewe kwa nini tunasifia kazi ya kusoma karatasi, chukua namba moja tu: 68.

Nairobi, mwenye wastani wa 68 amepata daraja la pili la juu, na nyumbani kwao mbuzi amechinjwa. Mpeleke mtu huyohuyo kwenye vyuo vingi vya Marekani na 68 yake inasomeka kama D na kijimsalaba, alama ambayo mzazi wa huko huitwa shuleni kuielezea. Mbuzi ameshaliwa, na D inamsubiri ng’ambo. Anayejua kwamba A ya Nairobi inaanzia 70, na kwamba 90 ni alama ambayo maprofesa wetu wa zamani walikuwa wakisema wamejiwekea wenyewe, ndiye anayeweza kumwokoa kijana huyo. Kinyume chake nacho kipo. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwenye GPA ya 3.8 ana daraja la pili la juu, kwa sababu kipimo cha Dar kinaishia 5. Asiyejua hilo, akiwa na kipimo chake kinachoishia 4, atadhani kaletewa bingwa wa darasa. Kosa la kukupendelea nalo ni kosa, na mtathmini mwaminifu hulisahihisha hata kama mteja amelipa.

Wakongo wana mkasa wao. Kwa mfumo wao wa miaka mingi, mtu alisoma graduat miaka 3 (G1 hadi G3), kisha licence miaka 2 juu yake (L1 na L2). Anayekwambia alimaliza L2 Lubumbashi au Kisangani, miaka 5 ya chuo imo ndani ya herufi hiyo na tarakimu hiyo. Neno hilohilo la licence kwa Mfaransa ni miaka 3. Kwa karani wa Texas asiyejua Kifaransa ni leseni ya udereva. Na sasa Kongo imeanza kuhamia mfumo mpya, kwa hiyo kuna licence ya zamani na licence ya leo, na miaka iliyomo ndani yake hailingani.

Sisi wa pwani na bara yake tusijidai tuko rahisi kusomeka. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia pamoja na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 chuo hicho kikavunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Kwa hiyo WES ilipofungua milango, mitaani Dar, Kampala na Nairobi walikuwapo wasomi, bado vijana kabisa, wenye shahada za chuo kikuu kilichokwisha kufa. Barua ya kuthibitisha cheti cha namna hiyo unamwandikia nani? Lazima awepo mtu, mahali fulani, mwenye faili inayosema mirathi ya marehemu iligawanywaje.

Faili hizo, miaka 50 ya faili, ndizo tunazozisherehekea. Mtu anaweza kununua kompyuta kwa siku moja, lakini kujua kwamba Mtanzania aliyesoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, kisha 3 ya chuo, amekaa darasani miaka 16 sawasawa na Mkenya wa 8-4-4, hakununuliki. Wakenya sasa wanauacha mfumo huo taratibu, watoto wa mtaala mpya wa umilisi watasoma chuo miaka 3 badala ya 4, na kuna mtu huko New York ambaye bila shaka ameshaanza kukuna kichwa.

Kwa wasomaji wetu wengi, hata hivyo, jina la WES lilikuja kwa njia ya Kanada. Shirika lilifungua ofisi Toronto mwaka 2000. Mwaka 2013 serikali ya Kanada ikaanza kuwataka wanaoomba kuhamia kama wafanyakazi wenye ujuzi walete tathmini ya elimu yao, na WES ikawa miongoni mwa taasisi zilizoteuliwa kuifanya. Mfumo wa Express Entry ulipoanza Januari 2015, tathmini ikageuka pointi: kwa muombaji asiye na mwenza, shahada ya kwanza ni 120, uzamili 135, uzamivu 150. Pengo la pointi chache linaweza kuwa tofauti ya kualikwa na kubaki. Ndiyo maana foleni za madirisha ya masjala zetu zilirefuka, na bahasha ya kaki ikapata heshima ambayo haikuwa nayo.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana tahariri ya sherehe isiyo na chumvi ni pilau la msibani. Ripoti ya tathmini haimpi mtu kazi. Daktari aliyesoma nje ana mlolongo wake mwingine kupitia ECFMG, chombo cha Marekani cha tangu 1956. Nesi ana wa kwake. Mwalimu, mhandisi, mfamasia, kila mmoja ana bodi inayomsubiri na ada zake. Kanada kulikuwa na kikwazo kingine kilichowachosha wageni kuliko vyote: kuulizwa uzoefu wa kazi wa Kanada na mtu anayejua umeshuka kwenye ndege juzi. Jimbo la Ontario lilitunga sheria mwaka 2021 ya kuizuia hali hiyo kwenye taaluma nyingi zinazodhibitiwa, na hiyo ilikuwa hatua, lakini ya jimbo moja.

Utafiti uliotolewa Desemba 2016 na Migration Policy Institute, kwa kushirikiana na New American Economy na WES yenyewe, ulikadiria kwamba wahamiaji karibu milioni 2 wenye elimu ya chuo nchini Marekani walikuwa ama hawana kazi au wanafanya kazi zisizohitaji shahada yao, na kwamba mishahara wanayoikosa kwa mwaka ilifikia dola bilioni 39.4. Shirika linaloishi kwa ada za tathmini lingeweza kabisa kukaa kimya kuhusu takwimu hizo. Mteja akishalipa na kupewa ripoti yake, yanayomkuta baadaye hayamo kwenye risiti. WES ilijitia kwenye jambo hilo kwa hiari, kwanza kwa idara yake ya Global Talent Bridge inayowasaidia wahamiaji na wanaowahudumia, na kuanzia 2019 kwa mfuko wa kusaidia kazi za namna hiyo, uliopewa jina la Mariam Assefa, mwanamke aliyeliongoza shirika hilo kwa zaidi ya miongo mitatu. Msomaji wetu wa Moyale, mpakani na Ethiopia, hahitaji kuelezwa jina hilo lina asili ya upande gani.

Na mkimbizi je? Kwake dirisha la masjala halipo. Jengo limechomwa, au lipo lakini mwenye mhuri ni yuleyule aliyemkimbia. Kumwambia alete bahasha iliyofungwa na chuo chake ni kumtuma kisimani palipokaushwa. Kwa miaka mingi jibu la kazi hii kwa watu hao lilikuwa samahani. Mwaka 2016 WES ilianza majaribio Kanada, kwa Wasyria, ya kutathmini elimu kwa kile mtu alichookoa: nakala, picha ya cheti, kitambulisho cha uanafunzi, kipande kilichonusurika. Mwaka 2018 jaribio hilo likawa mpango kamili unaoitwa Gateway, ukapokea wakimbizi wa nchi nyingine kadhaa. Hawakuwa peke yao katika fikra hiyo. Kwa kufuata njia iliyobuniwa Norwei, Baraza la Ulaya lilianza mwaka 2017 kutoa pasipoti ya elimu kwa wakimbizi, na UNESCO ikaja na ya kwake, iliyofanyiwa majaribio Zambia mwaka 2019, nchi yenye wakimbizi wengi wa Kikongo.

Ombi letu la jubilei linaanzia hapo. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote. Wengi wao walipitia kambi za ukanda wetu, na Kiswahili ndicho walichonunulia chumvi Nyarugusu na Kakuma. Miongoni mwao wamo walimu na manesi wenye G3 na L2 zao kichwani bila karatasi mkononi. Mlango uliofunguliwa kwa Msyria upanuliwe na wao wapite.

Ombi la pili ni letu sisi kwa sisi, na tunalisema kwa sauti ya chini kwa sababu lina aibu kidogo. Mkataba wa mataifa ya Afrika wa kutambuliana vyeti ulipitishwa mwaka 1981 Arusha, mjini kwetu. Ulifanyiwa marekebisho Addis Ababa mwaka 2014, ukaanza kutumika 2019. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Na bado mwalimu wa hisabati kutoka Bukavu anauza vitenge Kariakoo, akimsahihishia jirani hesabu za duka bure.

Bahasha yangu ilifika. Miezi kadhaa baadaye nilipita chuoni kwa shughuli nyingine, nikasogea pale kwenye nondo kumshukuru Mama wa masjala. Alinikumbuka, au alijifanya kunikumbuka.

“Waliikuta na mhuri wake?” akauliza.

“Waliikuta, Mama. Wameikubali.”

“Haya,” akasema, akavuta bahasha nyingine. “Anayefuata.”