Hesabu ya nyumba ya kwanza Daudi

Kijana wa kata ya Daudi, pale Mbulu, akivuna vizuri vitunguu saumu, wazee humwambia: sasa tafuta kiwanja ujenge. Ushauri ni mzuri. Kinachomponza ni maneno mepesi yanayofuata juu ya gharama.

“Majirani wameshuhudia, yatosha.” Haitoshi. Penye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ndiyo inayotawala, na ununuzi wa kiwanja unapaswa kufika halmashauri ya kijiji, si kuishia kwa mwenyekiti aliyekutwa kwenye benchi la duka. Tenga pesa ya kuhakiki mipaka na ya hati ya hakimiliki ya kimila. Kisha mtafute mke wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Anayeruka hatua hiyo kwa kuokoa siku moja anaweza kumaliza msimu mzima kwenye baraza la ardhi, akilipia nauli za mashahidi.

“Tofali hazina gharama, udongo ni wetu.” Udongo ni wenu, kuni je? Tanuru hula kuni kwa tela. Mfyatuaji hulipwa kwa idadi, na maji ya kukandia lazima mtu ayachote. Halafu zile za pembeni mwa tanuru hutoka hazijaiva, ukizigonga zinapasuka. Mwenye kuhesabu zilizofyatuliwa badala ya zilizoiva huishiwa karibu na lenta. Na kwa kuwa tofali za kuchoma hazilingani, zinameza udongo au saruji nyingi kwenye viungo, na tena kwenye lipu. Nyumba za kale za Wairaqw, zilizochimbiwa mteremkoni na kuezekwa udongo, kweli hazikudai pesa. Zilidai nguvu za watu. Leo nguvu hizo zina bei.

“Nitajenga kidogo kidogo.” Hili lina ukweli, na ndivyo Watanzania wengi walivyopata nyumba, maana benki haina haraka ya kumkopesha nyumba mkulima asiye na mshahara. Ila ujenzi wa namna hiyo una mahali pa kusimama na mahali pasiposimamika. Msingi uliofukiwa vizuri unaweza kungoja mavuno yajayo. Ukuta wa tofali na udongo ulioachwa wazi haungoji: masika ya Machi hadi Mei yatakula viungo vyake vyote. Kwa hiyo ukuta na paa viwe bajeti moja, na kozi ya kwanza isipangwe kabla pesa ya bati haijapatikana. Bati ukilinunua mapema litakaa. Saruji iliyorundikwa sakafuni kwenye unyevu itaganda mfukoni, na hiyo ni hasara yako, si ya duka.

“Fundi ameshapiga hesabu.” Amepiga ya kazi yake. Muulize bati ni geji gani: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa, na mara nyingi bei inayotajwa ili kukuvutia ni ya hilo jembamba. Muulize kofia, misumari ya bati, mbao za kenchi, dawa ya mchwa, na lori la mchanga, ambalo bei yake hupanda njia ikiwa matope. Choo muulize mwisho, maana karibu kila karatasi ya fundi inakisahau. Shimo, bamba na kuta zake ni ujenzi mwingine kamili.

“Umeme vijijini ni elfu 27 tu.” Hiyo ni ada ya kuunganishwa. Wayaringi, soketi, swichi na ufundi wa ndani ni vyako, na fundi umeme hataki kukopwa. Bora wayaringi ipangiwe pesa kabla ya lipu, la sivyo utalipia kuchimbua ukuta, kisha utamlipa fundi lipu mara ya pili.