Moto Haumalizi Zebaki

Yako maneno yasemwayo sana hapa Mbalizi, nami siwezi kuyanyamazia. Wazazi wengi husema, "Mtoto na ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, lakini hizo atomi na elementi hazijazi ghala." Tena wako walimu wenzangu ambao kwa matendo yao wakubaliana nao, maana huwaimbisha watoto majina ya elementi kama kasuku, kisha hufunga kitabu. Nasema kwamba wote wawili wakosa, na kosa lao laweza kuua.

Kwanza, si kweli kwamba mambo haya ni ya mbali. Tazameni kilima cha Panda, kilicho karibu nasi. Katika miamba yake mna niobiamu, elementi ya 41, ambayo ikitiwa kidogo tu katika chuma cha pua hukiongezea nguvu. Na huko Chunya, katika nchi ya Lupa, watu wamechimba dhahabu tangu miaka ya 1920. Je, elimu ya vitu tuvikanyagavyo itakuwaje ngeni kwetu?

Pili, tutazame faida yake. Vijana wetu hupanda kwenda Chunya kutafuta riziki. Huko husaga mawe, humimina zebaki ili ishike unga wa dhahabu, kisha donge lile huliweka motoni. Zebaki hutoweka, dhahabu hubaki. Nimemsikia kijana mmoja akimwambia babaye, "Usihofu, baba, zebaki imekwisha, moto umeila." Naye mzee akaridhika.

La hasha! Moto haukula kitu. Atomi zote za elementi moja ni za jamii moja, wala moto wa mkaa hauwezi kuzivunja wala kuzigeuza kuwa za jamii nyingine. Atomi ya dhahabu ina protoni 79 katika kiini chake, na ya zebaki ina 80; ndiyo maana katika jedwali la elementi hukaa kama majirani wawili. Lakini hakuna moto wa jikoni uwezao kuuvuka mpaka ulio kati yao. Zebaki huchemka kwa joto la digrii 357, na dhahabu haiyeyuki mpaka digrii 1,064. Basi moto huifukuza zebaki tu, ikawa mvuke.

Na mvuke huo huenda wapi? Huingia katika mapafu ya mchomaji, na ya mama aliyeketi karibu na mtoto mgongoni. Unaosalia hupoa, ukaanguka juu ya bati, sufuria na udongo. Mvua huisomba zebaki hiyo mpaka katika mito iteremkayo Ziwa Rukwa, na vijidudu vya matopeni huiunganisha na vitu vingine ikawa sumu iingiayo katika samaki. Sumu hiyo huharibu ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni. Mambo hayo yalidhihirika Japani, katika mji wa Minamata, mwaka 1956: zebaki ya kiwanda iliingia baharini, watu wakala samaki, wengi wakalemaa na wengine wakafa. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, wa mwaka 2013, umeitwa kwa jina la mji huo.

Atakaye ushahidi na awaulize wachimbaji wachomao donge katika chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba lililopozwa kwa maji. Mwisho wa bomba zebaki hudondoka, ile ile waliyoimimina. Kama moto ungaliimaliza, ingalitoka wapi?

Basi, walimu wenzangu, tuache kuimbisha. Tuanze na chumvi, mkaa, dhahabu na zebaki, mtoto aone kwamba elementi huhama na kujificha, lakini haiteketei motoni. Nanyi wazazi, msiidharau elimu hiyo. Mtoto aliyeifahamu atamwuliza kakaye, "Zebaki imekwenda wapi?" Swali hilo moja laweza kuiokoa nyumba nzima. Mwasema kemia haijazi ghala. Naam; lakini ghala lililojaa lafaa nini, ikiwa sumu imekaa juu ya paa lake?