Tusiuze Gogo Tukanunua Kiti

Ndugu wanafunzi, nanyi wazee wetu mliosoma hapa kabla yetu,

Dawati ninaloandikia maneno haya limepinda. Alilitengeneza kaka yangu, aliyejifunza useremala miaka mitatu. Hakukosea kipimo. Mbao alizopata zilikuwa mbichi, na mbao mbichi ikikauka baada ya kupigiliwa misumari hujikunja na kupasuka. Mjini kwetu hakuna tanuri ya kukaushia mbao. Sasa kaka ameweka randa yake chini ya kitanda, naye anachimba dhahabu mtoni.

Wala si kwamba tumekosa miti. Malori hutoka misitu ya Mambasa, yakapita Beni, yakavuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda, na mengine huendelea mpaka Kenya. Yamebeba mbao nene za libuyu, zilizopasuliwa porini kwa msumeno wa injini, basi. Kurandwa na kufanywa mlango au kabati ni kazi ya mafundi wa huko. Upande wa magharibi wa Kongo, magogo mazima hushuka mtoni mpaka Kinshasa, kisha hupelekwa bandari ya Matadi kupakiwa melini.

Yafaa tujiulize: gogo likiondoka, huondoka na nini? Huondoka na kazi ya mpasuaji, ya mkaushaji, ya mnoa misumeno, ya seremala na ya mpaka vanishi. Sisi hubakiwa na kisiki na ujira wa mkataji.

Gabon waliliona jambo hili. Mwaka 2010 walizuia magogo yasiuzwe nje, wakajenga eneo la viwanda huko Nkok, karibu na Libreville. Leo mti wao wa okoumé huchunwa kuwa mbao nyembamba za kutengenezea pulaiwudi hapo hapo nchini, na vijana wao wapata mshahara humo.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema, "Mkataji wa Mambasa ana watoto. Je, wangoje kiwanda kijengwe ndipo wale?" Nakiri kwamba neno lake ni la kweli. Hata Gabon amri ilikuja kwa haraka, na kampuni zisizokuwa na viwanda zilipunguza watu. Lakini jibu lake si kuacha mlango wazi milele. Jibu ni kuufunga kwa hatua zinazojulikana, ili kila mtu ajitayarishe.

Tena kuna hatari ya pili. Ghana ilizuia magogo mwaka 1995, lakini viwanda vyake vikawa na uwezo wa kupasua miti mingi kuliko ile ambayo msitu uliweza kutoa. Kiwanda nacho kina tumbo. Kisipopimwa, kitakula msitu wote.

Kongo haikosi sheria. Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 iliweka kwamba mwenye kibali na kiwanda aweza kuuza nje magogo yasiyozidi asilimia 30 ya mavuno yake ya mwaka, tena kwa miaka isiyozidi 10. Lakini karatasi haisimamishi lori.

Basi mimi naona mambo matatu. Kwanza, kipimo hicho kifuatwe kweli bandarini, na mbao zisizokaushwa zipunguzwe mpakani mwaka hata mwaka. Pili, sehemu ya ushuru wa miti irudi katika miji ya msituni kujenga matanuri ya kukaushia, yatumiwe na mafundi wadogo kwa malipo madogo. Tatu, idadi ya viwanda ihesabiwe kwa miti iliyopo, wala si kwa tamaa ya matajiri.

Ninyi wazee wetu, wengine mu maofisa wa forodha, wengine ni wafanyabiashara, wengine walimu. Neno la mwanafunzi halifiki mbali, bali lenu lafika. Mkiona lori la mbao linapita, msihesabu mbao tu. Hesabuni na vijana ambao wangalizifanyia kazi.

Kaka yangu hakuiuza randa yake. Nilipomwuliza sababu, alisema, "Huenda siku moja nitapata mbao kavu." Nami nangoja siku hiyo pamoja naye.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita