Kumfungia Mnyama wa Mwitu: Lini ni Hifadhi, Lini ni Dhuluma?



Kina mama wa familia zetu zilizohamia Thika na Ruiru wametuletea suali lenye uzito: iwapo dini imetuamrisha huruma kwa viumbe, yawaje wanyama wa mwitu wafungiwe na kuzalishwa zizini, kisha jambo hilo liitwe uhifadhi?

Hadithi mbili, zote zimo katika Bukhari na Muslim, zatosha kuwa msingi. Ya kwanza yaeleza kuwa mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Ya pili yaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alimliwaza mtoto Abu Umayr alipofiwa na kindege chake, wala hakumkemea kwa kukifuga. Wanazuoni wakafahamu kuwa kufungia kwenyewe si haramu. Haramu ni kufungia na kuidhulumu haki ya aliyefungiwa.

Tulipime suali letu kwa kipimo hicho. Mito ya Thika na Chania, inayokutana hapo mjini Thika, pamoja na mto Ruiru, huteremka kutoka safu za Nyandarua. Katika misitu ya safu hizo huishi bongo wa mlimani, mnyama mkubwa wa jamii ya tandala, mwenye manyoya ya hudhurungi na mistari myeupe ubavuni. Mwituni hapatikani popote duniani ila Kenya, na waliobaki hawafiki 100. Mitego ya nyaya, mbwa wa wawindaji na ukataji wa miti vimemfikisha hapo.

Kabla hali haijawa mbaya hivyo, baadhi yao walikamatwa wakapelekwa ng'ambo, na vizazi vyao vikastawi katika bustani za wanyama. Mwaka 2004, bongo 18 walirejeshwa kutoka Marekani hadi Nanyuki ili wazaliane karibu na msitu wa asili yao. Kazi hiyo ina adabu zake. Watunzaji huandika nasaba ya kila mnyama ili ndugu wasipandane, na wale wanaoandaliwa kurudi msituni hawaachwi wakawazoea watu. Mwaka 2022 baadhi yao waliingizwa katika hifadhi ya Mawingu, penye msitu wa Mlima Kenya. Februari 2025 wakawasili wengine 17 kutoka Florida.

Zizi la namna hii tunaliona kuwa ni amana, kwani aliyemo hulishwa leo ili kizazi chake kiachiwe kesho. Haki zote mbili alizonyimwa yule paka, bongo ametimiziwa.

Hata hivyo, zizi peke yake halimwokoi mnyama. Jamaa zetu walioko Oman wanaijua habari ya choroa wa Arabuni. Aliangamia mwituni mwaka 1972, akazalishwa zizini, na mwaka 1982 akarejeshwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis. Idadi yao ikakua hadi mamia. Kisha kuanzia mwaka 1996 majangili wakawashambulia tena, na wengi wakapotea. Kazi ya miaka mingi iliharibiwa na watu waliokuwa tayari kuuza na wengine waliokuwa tayari kununua.

Hapo ndipo nyumba zetu zinapohusika. Mtoto akililia kasuku, kobe au ndama wa kima anayeuzwa kwa siri, tusimnunulie, hata kwa nia ya kumwokoa mnyama huyo. Fedha zetu ndizo zitakazomrudisha mtegaji msituni kumfuata mwengine. Kizimba hicho hakina nasaba iliyoandikwa, hakina mwenzi, wala hakina siku ya kuachiwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo imekataza kuwafuga bila kibali. Anayemkuta mnyama amejeruhiwa au anauzwa, na awaarifu maafisa wa KWS.

Nanyi mlioko Thika na Ruiru, mnapowafunza watoto kutia udhu bila israfu, waelezeni kuwa maji ya mito yao yametoka katika msitu uleule anamoishi bongo. Msitu ukikatwa, mito hiyo nayo itapungua.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wachunga amana. Amin.