Onja Kwanza, Lebo Baadaye

Boom likiingia, washkaji tunakimbilia mvinyo wa Afrika Kusini ili tuonekane wa maana. Nami nilikuwa hivyo hivyo, hadi kwenye mahafali ya dada nilipomiminiwa wa Dodoma bila kuambiwa. Nikausifia, nikauliza ni wa nchi gani. Walinicheka mpaka basi.

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi chupa yake haiumizi mfuko. Shida ya mkulima si shamba tu, ni soko: zabibu iliyoiva haimngoji mnunuzi, inaoza. Kama hunywi, usianze kwa ajili yangu. Kama unakunywa, kunywa kidogo, ila onja wa nyumbani. Ukiuona mbaya, ukatae kwa ulimi wako, si kwa kusoma lebo.